Nyumba Iliyobebwa na Moto

Nyumba ya Mama Shukuru haikuungua kwa sababu moto uliinusa kwanza. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa siku niliyofika Goma, na hivyo ndivyo nilivyoamini kwa moyo wangu wote, mimi kijana mwenye ndevu na akili timamu, kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kutaja. Mlima ulipopasuka na volkano ikashuka mjini kama uji uliofurika sufuria, ilifika mlangoni pa Mama Shukuru, ikanusa mbao za ukuta, ikakuta zimepakwa vidanji, yale mafuta meusi yanayomwagwa gereji gari likibadilishwa mafuta. Tena hayakuwa mafuta ya gari lolote lile. Yalikuwa ya lori la kwenda mpakani Bunagana, lori lililopita chini ya mlima tangu enzi za Wabelgiji hadi mlima ukalizoea kama jirani. Basi moto ukasema, "Aba ni ba kwetu." Ukainama, ukaingia chini ya nyumba polepole, ukaiinua pamoja na mlango, madirisha na kalenda ya kanisa iliyokuwa ukutani, ukapita chini yake kwa adabu, kisha ukapoa na kuiacha palepale juu, kimo cha mtu mzima kutoka mahali ilipojengwa. Nyumba nyingine zote za avenyu ziliteketea. Hii haikuungua hata kope.

Mama Shukuru tumemzika mwezi uliopita. Shukuru, binti yake, alinipigia simu asubuhi nikiwa ninanyoa, akasema maneno mawili tu, "Mama amepumzika," nami nikafika kwenye kilio na povu likiwa limekauka nyuma ya sikio. Chini ya turubai, juu ya viti vya plastiki, kijana mmoja ambaye mlima ulipopasuka hata mama yake alikuwa bado hajaolewa, akanisimulia habari ya nyumba ile kana kwamba mimi ni mgeni wa jana. Kwa masimulizi yake, moto ulibisha hodi kwanza, kwa Kinyarwanda. Nikamsikiliza hadi mwisho. Shukuru alikuwa amesimama nyuma yake na birika, akaniangalia, nikamwangalia, akatumiminia chai sote wawili. Tangu siku hiyo kichwa changu kinarudi kwenye mwaka mmoja, ule niliokaa ndani ya nyumba ile, mwaka tulioivua nguo zake zote na kuivalisha upya.

Nilikuwa nimepata kazi kwenye depo ya mbao kule Birere, na jioni nilikuwa nasoma shule ya watu wazima, darasa ambalo mwanafunzi mmoja alikuwa na wajukuu na mwingine alikuja na mtoto mgongoni. Mama Shukuru alikuwa mjane. Mumewe, msukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mti isiyo na pedeli inayobeba gunia kumi na kulalamika kidogo tu, alikuwa amefariki kwa homa muda mfupi baada ya kurudi kutoka ukimbizini. Mama akanipa chumba cha nyuma, ukingoni mwa Mabanga, kwa sharti kwamba mikono yangu iwe ya nyumba siku za Jumapili. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo hivi kwamba nikinyoosha mkono kuvaa shati nilikuwa nafungua dirisha. Kuta zake zilikuwa za mbao zilizosimamishwa wima, nyeusi tititi kwa vidanji upande wa nje, na kati ya ubao na ubao mwanga wa asubuhi ulikuwa unapenya na kuchora mistari juu ya blanketi langu, nikaamka kila siku nikiwa punda milia. Siku za kwanza nilikuwa nagusa ukuta kwa kidole kabla ya kutoka, kama mtu anavyogusa maji ya baraka mlangoni pa kanisa. Nilikuwa nalala ndani ya kitu ambacho moto wa ardhini ulikikuta, ukakitambua, ukakiheshimu. Nani kati ya wanafunzi wenzangu angeweza kusema hivyo?

Leo nakaa kwenye nyumba ya matofali na sisikii mtu. Jirani yangu anaweza kuoa na kuachika mimi nisijue. Lakini ndani ya nyumba ya mbao, hasa mbao zilizozeeka, wewe ni mtu wa familia zote. Nilijua nani kwa Papa Bahati, jirani wa ukuta kwa ukuta na shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa wetu, alikuwa hapendi sombe, yale majani ya muhogo. Nilijua anavyokoroma, na mke wake anavyomwambia asubuhi, "Papa Bahati, leo umepanda milima ya Masisi na kushuka bila kubadilisha gia." Nao walijua habari zangu. Nikikosea kukariri kanuni ya hesabu, sauti ilikuwa inatoka ng'ambo, "Rudia, etudia, hapo umeruka," maana mwanafunzi kwetu ni etudia.

Na kila mtu wa avenyu alijua kikohozi cha Shukuru. Alikuwa mtoto wa darasa la kwanza, mwembamba, mwenye maswali, na kifua chake kililia kama mlango usiopakwa mafuta. Alikuwa analala na mama yake upande unaopigwa na mvua. Na mvua ya Goma, kwa asiyeijua, haishuki tu, inakuja pia kwa ubavu, inatafuta tundu, ikilipata inaita ndugu zake. Mbao za upande ule zilikuwa zimeoza miguuni, pale zilipogusa mawe ya lava. Ungeweza kuchomeka kidole ndani yake kama ndani ya mkate uliolowa. Tulikuwa tunakula jioni, bugali na sambaza, dagaa wa ziwa, Mama anahamisha sufuria kukwepa matone, Shukuru anakohoa, anameza, anakohoa, na sisi tunazungumza kwa sauti zaidi ili tusimsikie. Siku moja Mama akampeleka kwenye kituo cha afya. Aliporudi hakuvua kitenge cha kutokea. Akakaa kitandani, akaniambia alichoulizwa na muuguzi.

"Ameinama, amemunusa mutoto nguo. Ananiuliza, Mama, huyu mutoto analalaka mu gereji?"

"Wewe ukajibu nini?"

"Nikamuambia analala mu nyumba yenye moto uliogopa. Akasema, moto unaweza kuogopa, lakini kifua hakiogopi. Ukuta ukauke, na iyo vidanji itoke, ama kila mvua tutaonana hapa. Na iko siku hatutaonana."

Shukuru alikuwa anachora nyumba kwenye vumbi na kijiti. Mama akamwangalia kwa muda, akasimama, akapiga ukuta kwa kiganja mara moja, kama anavyopigwa ng'ombe anayeuzwa. "Natoa mbao zote," akasema. "Zote, pande zote. Hakuna kubakisha."

Nitasema ukweli wa moyo wangu wa wakati ule: niliona ni kufuru. Ilikuwa kama kumsikia mtu akisema atafua hati takatifu kwa sabuni. Shuleni, wiki ileile, mwalimu wa jiografia alikuwa ametuuliza kwa nini volkano hufuata njia fulani, nami nikasimama na kumweleza mambo ya harufu ya vidanji kwa ufasaha ambao sijawahi kuufikia tena. Alinitazama kwa huruma, akanipa sifuri. Mimi pia nilimtazama kwa huruma. Alikuwa mtu wa vitabu, hajawahi kulala Mabanga.

Papa Bahati hakuchelewa, kwani ukuta ulikuwa umempelekea habari kabla Mama hajamaliza sentensi. Alikuja na mwavuli wake aliokuwa nao hata jua likiwaka, mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuuza duka zima. Akakataa kiti, maana yake mambo ni mazito.

"Mama Shukuru, tunasikia unataka kutuvua nguo."

"Nyumba ni yangu, shefu."

"Nyumba ni yako. Mbao ni za avenyu."

"Mbao zimeoza."

"Hata mifupa ya batakatifu imeoza," akasema Papa Bahati, "na batu banasafiri mbali kuibusu. Sikiliza, mama. Siye wote tulipaka vidanji kwetu. Mimi nimepaka mara tatu, mbuzi wangu anakataa kuegemea. Lakini kwetu kuna vidanji tu. Hapa kuna ushuhuda. Mulima ukirudi kesho, utatafuta alama yake. Ukikosa mbao zile, utasema hawa batu si bale, na utapita juu yetu sote. Unataka ivyo?"

Mama akasema, "Nataka mutoto alale."

Papa Bahati hakuwa mtu mbaya. Alimwangalia Shukuru, akaguna, akatoa pipi mfukoni. Lakini aliondoka akisema avenyu itakaa kikao. Nami nilibaki pale katikati kama msumari uliopigwa nusu. Tumbo langu lilikuwa upande wa Mama, imani yangu ilikuwa upande wa shefu.

Jumamosi Mama alikuja depo Birere kuchagua. Nilikuwa nimemwandalia mapokezi ya mteja mkubwa, nikafuta ubao wa kukalia kwa shati langu. Bosi wangu, aliyejua kwamba mjane amekusanya akiba, alianza kwa kumshauri aache habari za mbao, ajenge matofali, kama watu wa maana. Mama akatikisa kichwa. "Nyumba ya matofali haihami," akasema. Bosi akacheka, akamuuliza anataka kuihamishia wapi, mbinguni? Basi avalishe ukuta mabati, hayaozi. Mama akasema mabati yanampigia mtoto ngoma usiku mzima na kulia machozi asubuhi, anayajua. Hapo nikajitokeza mimi na kumwonyesha libuyu kutoka Walikale, mbao ya rangi ya asali, nzito, inayokaa miaka mpaka mjukuu wako aichoke. Ilikuwa ndiyo fahari ya depo. Mama hakuuliza habari za rangi wala za kuoza. Aliinama, akauweka ubao begani, akatembea nao hatua kadhaa kati ya mirundo, huku wachukuzi wamesimama kumtazama, akageuka, akarudi, akautua.

"Huu mzito."

"Mama," mchukuzi mmoja akamwambia, "ubao unaupigilia, hauuvai."

Wote tukacheka, na yeye akacheka nasi, lakini akaendelea kubeba. Alibeba mkaratusi, akasema huu unajipinda kama mlevi. Alibeba sipre, ule mti wa uani kwa mapadri, mbao yake nyepesi na yenye harufu inayofukuza wadudu. Akatembea nayo mpaka barabarani, pikipiki zikamkwepa, akarudi hahemi. "Hii," akasema. Nilimweleza bosi kwa kunong'ona kwamba mama huyu aliishi karibu na miujiza, ana vipimo vyake. Bosi akaandika oda. Siku hiyo nilimwona Mama Shukuru mkubwa kuliko depo, na sikujua kwa nini.

Kikao kilifanyika uani kwa Papa Bahati, yaani ndani ya chumba changu, ukiondoa ubao mmoja wa unene wa kidole. Mimi nilikuwa nasoma. Mama alikuwa amekaa mlangoni pangu, amenyoosha miguu, anachambua maharagi kwenye ungo. Hatukuwa tunasikiliza, tulikuwa tunasikia tu. Sauti moja ilisema wasimame mbele ya ukuta siku mafundi watakapokuja. Nyingine ikasema wamletee Mama dumu la vidanji vipya, bure, kama zawadi. Kisha sauti ya mwanamke, ya upole, yenye nia njema kabisa, ikasema: "Mutoto akapelekwe Bukavu kwa ndugu za baba. Kule hakuna baridi ivi. Mama abaki atulinde." Wakakubaliana kwa mguno mmoja, mrefu, wa watu waliopata dawa.

Mkono wa Mama ulisimama juu ya ungo. Haragi moja likadondoka, likabingirika mpaka chini ya kitanda changu. Hakuangalia upande wangu. Baada ya muda vidole vyake vikaanza tena, nzuri huku, mbaya huku, lakini niliona anatupa nzuri na kubakiza mbaya. Nimeona mambo makubwa tangu siku hiyo. Nimeona mlima unawaka juu ya mji kama taa ya Mungu iliyosahauliwa, nimeona watu wa mji mzima wakitembea upande mmoja. Sijaona kitu kilichonitoa kwenye kiti kama ule mkono.

Nilizunguka ukuta nikaingia kwa Papa Bahati bila hodi. Walikuwa wamejaa, kila kaya na mwakilishi wake. Na kwa kuwa niliamini kila neno la hadithi ile, nilizungumza kama mtu anayeamini, na hilo ndilo lililoniokoa.

"Ba papa na ba mama," nikasema, "mimi ni mtu wa depo. Kama ubao umelinda nyumba moja, umelinda kwa sababu ya kazi yake, si kwa sababu ya mahali unapokaa. Sasa mbao zote zimerundikana kwa Mama Shukuru, siye huku tuko uchi. Mulima ukirudi utabeba nyumba moja tena, na kuunguza zile zingine tena. Juu ya nini tusigawane? Mama avue mbao, kila nyumba ichukue ubao wake, iupigilie juu ya mlango. Moto ukifika utanusa avenyu nzima."

Mbuzi wa Papa Bahati akacheua. Papa Bahati akafungua mwavuli, akaufunga.

"Na mimi kama shefu?"

"Shefu utachukua ule wa pembeni ya mlango. Ule ulionuswa kwanza."

Alijaribu kuficha furaha yake, ikamtoka kwenye mashavu. "Etudia," akasema, "iyo shule yenu ya jioni kumbe inafundisha."

Jumapili baada ya misa avenyu nzima ilikuja na nguo zake za kanisani. Wengine walileta vitenge vya kufungia. Nilikuwa nimeomba fundi, Mama akamkataa. Alifunga kitambaa kichwani, akachukua mtaimbo mdogo, akaanza na mabati ya ukingoni, kisha mbao, kutoka pembe ya kushoto. Sijawahi kuona mikono kama ile. Fundi wa kawaida anang'oa ubao kwa hasira, unapasuka, msumari unajikunja. Yeye aliingiza ncha chini ya ubao, akaegemea kidogo, ubao ukapumua, akahamia chini, ukapumua tena, ukamjia mikononi mzima kama mtoto anayeamshwa. Misumari ilitoka imenyooka, akaidondosha kwenye kopo moja baada ya nyingine, bila kuitazama. Nilikuwa nimesimama chini nikipokea, mdomo wazi.

"Mama, hii kazi ulijifunza wapi?"

"Mu haraka," akasema.

Tulipogeuza ubao wa kwanza, watu wakasogea. Upande wa ndani, usiopakwa vidanji, ulikuwa na mikwaruzo: mistari mitatu, na msalaba. Wa pili, mistari minne na msalaba. Kila ubao ulikuwa na mikwaruzo yake, ya haraka, imechimbwa kwa kitu chenye ncha. Bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Papa Bahati akavua kofia. Nikapitisha kidole juu ya mistari ile, nywele zikanisimama hadi za miguuni, nikasema kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani: "Ni kucha za moto. Hapa ndiyo ulishika ukiinua." Tena kulikuwa na la kushangaza zaidi. Nguzo za ndani, ambazo mbao zilikuwa zimepigiliwa, zilikuwa nyeupe, mti mbichi kwa kulinganisha, hazina tone la vidanji wala dalili ya uzee. Mbao nyeusi, nguzo nyeupe. Nikaeleza kwamba zilipauka kwa hofu. Hakuna aliyepinga. Maelezo yalikuwa mazuri mno.

Mama Shukuru alikuwa juu ya ngazi, mtaimbo mkononi. Alitutazama, sote, na kofia zetu mikononi. Akafungua mdomo. Kisha akamwangalia Shukuru, aliyekuwa amekaa juu ya mzigo wa sipre mpya akipumua harufu yake, miguu inaning'inia. Mama akafunga mdomo, akageukia ukuta, akang'oa ubao uliofuata. Kaya moja moja zilipita kupokea. Papa Bahati alibeba wake begani kama msalaba wa Ijumaa Kuu na kupita nao avenyu nzima, ingawa nyumba yake ilikuwa palepale.

Kusimamisha ukuta mpya kulikuwa na sheria zake, zote za Mama. Tulipanga kwanza mawe, mguu wa ubao usiguse ardhi, tukakata bati la pipa na kuliweka chini kama sketi, maji yateleze nje. Mbao zikasimama wima, na juu ya kila ufa tukapigilia kipande chembamba cha kuufunika, wenyewe wanakiita kuvrejwa. Nilipotaka kukunja ncha za misumari kwa ndani, kama wafanyavyo mafundi wote ili ubao usitoke tena, alinigonga mkono. "Usikunje." Nikamwambia upepo utaing'oa. "Upepo hauna mtaimbo," akasema. Na kabla ya kupigilia kila ubao aliukwaruza mgongoni kwa msumari: mstari, mistari, msalaba kwenye pembe. Nilimuuliza kama anaiga alama za moto ili kuendeleza ulinzi. Akacheka mpaka akashika ngazi. "Ndiyo, Deo," akasema. "Ulinzi." Nikafurahi kuwa nimeelewa. Nje tukapaka rangi ya buluu ya dukani, isiyo na harufu ikishakauka, na nyumba ikasimama juu ya jiwe jeusi kama kipande cha ziwa kilichopanda kutembea.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja alasiri tukiwa mezani na viazi na fromaji, ile jibini ya Masisi, niliyoletewa na mwanafunzi mwenzangu. Ilikuja kwa ubavu, kama desturi yake, ikapiga ukuta, ikatafuta. Tuliacha kutafuna. Mama hakuhamisha sufuria. Ilipiga tena, ikazunguka nyumba nzima, mimi naapa niliisikia ikigonga kila ubao na kuuliza, halafu ikachoka, ikabaki kunyesha tu kama mvua ya watu wengine. Shukuru akashuka kwenye kiti, akaenda kuweka kiganja ukutani, kisha shavu.

"Mama, ukuta umekauka."

Ndani mlikuwa na harufu ya sipre, na kimya ambacho sikukitambua mara moja. Ilinichukua muda kujua kwamba ni kimya cha kifua chake. Mpaka mvua za mwaka ule zilipokwisha, Shukuru alikuwa anakimbizana na mbuzi wa Papa Bahati, na muuguzi hakutuona tena. Nami mwisho wa mwaka nilihama karibu na shule, nikiwa na godoro, madaftari, na ubao mmoja mweusi wenye mistari sita, mgao wangu. Nimeupigilia juu ya mlango wa kila nyumba niliyokaa. Nilipata diplome yangu chini yake. Mke wangu amewahi kuniuliza harufu hiyo ni ya nini, nikamwambia ni ya bima.

Miezi michache iliyopita nilikwenda kumsalimia Mama Shukuru kitandani. Buluu ilikuwa imepauka, lakini nilipitisha mkono chini ya ukuta kwa mazoea ya depo, hakukuwa na ubao hata mmoja uliooza. Shukuru, mwanamke mzima sasa, mwenye mapafu ya kuimba kwaya, alituletea chai. Nikamwambia Mama, ili kumchangamsha, kwamba ubao wake bado unanilinda.

"Uko wapi?"

"Juu ya mlango, Mama. Miaka yote hii."

Alianza kucheka polepole, kisha kitanda kikacheka naye. Shukuru akamwinulia mto. "Mwambie, Mama," akasema, "ataaibika mbele ya batoto bake."

"Deo," Mama akasema, "ule moto haukunusa kitu. Tuliona batu banakimbia. Papa ya Shukuru akasema, siwezi acha mbao zangu, nilizisukuma mwenyewe kutoka Masisi. Tukatoa mabati, tukatoa mbao. Yeye anang'oa, mimi nakwaruza alama na musumari, maana bila alama hujui ubao gani unaenda wapi, nyumba inakuwa kuni. Nguzo tuliziacha, ziliungua. Mbao tulizipeleka uani kwa parokia, upande moto haukufika, tunaenda tunarudi, na mimi niko na tumbo mpaka hapa. Shukuru nilimuzala kule, juu ya izo mbao, mabati yametufunika. Jiwe lilipopoa tukarudi, tukakata nguzo zingine, tukasimamisha nyumba juu yake. Batu ba avenyu bakarudi miezi ilipopita, bakakuta nyumba."

Nilitazama ukuta. Nilitazama mabega yake, membamba chini ya shuka.

"Na juu ya nini hukutuambia?"

"Nilisemaka. Bakasema ni unyenyekevu. Kisha hakuna mutu aliniuliza tena, mulikuwa nyote munaniambia."

Nikanywa chai, ikanipalia. Mtu aliyeamini jambo kwa nusu ya maisha yake haliachii kwa urahisi, hulishika hata mkia. "Kwa hiyo, Mama," nikasema, "moto haukuibeba hata kidogo?"

Aliniwekea mkono juu ya mkono, kwa huruma, kama mwalimu wangu wa jiografia.

"Moto haubebake kitu, mwanangu. Tuliibeba siye, mimi na papa yake, na chukudu."